Granada na familia: Alhambra asubuhi, ngoma usiku

Kama unapanga kwenda Hispania na watoto pamoja na wazee, nakuomba usiiache Granada, na tiketi za Alhambra, ile ngome yenye majumba ya wafalme Waislamu wa zamani, kata mapema sana, hata wiki kadhaa kabla, na uangalie vizuri iwe imeandikwa Nasrid Palaces, yaani majumba yenyewe ya wafalme, pamoja na saa ya kuingia. Mimi nilinunua haraka haraka kwa tovuti moja kumbe ni za bustani na ngome tu, ikabidi nilipe upya, na hela ya watu wanne sio mchezo. Majina yawe sawasawa na pasipoti, na ile saa ikikupita ndo basi tena, huingii.

Mle ndani sasa usikimbizane na picha. Mamangu alisimama mbele ya ukuta akaanza kusoma polepole, wa la ghaliba illa Llah, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, yaani maneno hayo ya wafalme wa Banu Nasr yamechongwa kila mahali, juu ya milango, kwenye matao, unageuka unayakuta tena, na yeye kila akiyaona anayasoma upya mpaka machozi yakamlengalenga. Akasema nakshi zile zamkumbusha zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za nyumba ya nyanyake Lamu. Watoto nao walinasa kwenye ua wa simba, uliojengwa na Sultan Muhammad V karne ya 14, simba 12 wa marumaru wanatoa maji midomoni na nguzo nyembamba 124 zimezunguka. Waeleze watoto kwamba maji yale yalivutwa kwa mfereji kutoka mto Darro kule juu, yakiteremka yenyewe bila pampu, wangu waliinama chini kutafuta yanapotokea.

Mchana laleni. Usiku mwende Sacromonte, mtaa wa kilimani, kwenye mapango, mkaone zambra, hiyo ni ngoma ya harusi ya Wagitano, yaani Waroma wa Hispania, na ndo mlango mzuri wa kuijua flamenco, ile ngoma na nyimbo za kusini mwa Hispania. Chagua shoo ya mapema kwa ajili ya watoto. Pango lenyewe jembamba, limepakwa chokaa nyeupe, vyombo vya shaba vyaning'inia juu na viti vimepangwa ukutani, kwa hivo mchezaji anapita karibu mpaka pindo la gauni likampiga mwanangu magotini. Viatu vyao vina misumari, unausikia mdundo mpaka kwenye kiti. Na tafadhali msiigize yale makofi, ile ni ala kamili ina hesabu zake, mkipiga ovyo mnawaharibia, ngojeni wimbo uishe ndo mshangilie. Mama aliniinamia akaninong'oneza, hii si vugo hii? Alimaanisha ile ngoma ya harusi ya wanawake wa pwani inayopigwa kwa pembe, kwetu pembe kwao makofi.

Mzee muombeeni kiti karibu na mlango manake ndani pana joto, na njia ya kushukia ina vijiwe vinateleza. Sisi tulishuka tumemshika mama huku na huku, na njia nzima vidole vyake vyapiga ule mdundo kwenye kiganja changu.