Kabla ya Kuvuka Kwenda Kilwa Kisiwani, Pitia Kwanza Makumbusho

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia kwamba alisafiri kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko, akavuka kwenda Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale wa Kilwa, akazunguka juani kwa muda wa saa moja, kisha akarudi akiwa hakuona ila kuta zilizobomoka. Anauliza kama kweli inafaa mtu atoe nauli yake kwenda kule. Namjibu hapa, kwa kuwa wako wengi wenye hamu ya kuiona historia yetu kwa macho yao na ambao wamerudi na manung'uniko kama hayo.

Safari yangu ya kwanza nilifuatana na wafanyakazi wenzangu. Tulipitishwa mbio, na mmoja wetu, mbele ya mzee mzaliwa wa kisiwa aliyekuwa akituongoza, akasema kwa sauti kwamba magofu yale yangeondolewa pakajengwa hoteli. Mzee hakujibu neno. Aliendelea kutuonyesha njia. Maneno yale yananiuma mpaka leo, na ndiyo yaliyonifanya nianze upya, safari hii kwa kupitia Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam.

Anzia hapo, nakusihi. Ukisimama mbele ya vyombo vya kauri vilivyotoka China na kufukuliwa Kilwa, unaanza kuelewa kwamba mji ule ulitajirika kwa biashara ya dhahabu ya Sofala, bandari ya kale katika Msumbiji ya leo. Soma pia habari za sarafu zake za shaba, ambazo maandishi ya upande mmoja yana vina vinavyolingana na jina la sultani lililoandikwa upande wa pili. Moja yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Zimbabwe Kuu, mji wa kale wa mawe katika nchi ya Zimbabwe ya leo, mbali kabisa na pwani yetu.

Niliporudi Kisiwani nikiwa na elimu hiyo, Msikiti Mkuu ulikuwa mwingine machoni pangu. Sehemu ya kaskazini, iliyo kongwe zaidi, ilianza kujengwa katika karne ya 11. Ile ya kusini, yenye kuba na nguzo nyingi, iliongezwa katika karne ya 14. Nilikaa chini ya kuba hizo mpaka macho yakazoea kivuli, nikaanza kuona jinsi matumbawe yalivyochongwa na kuunganishwa kwa chokaa. Kazi ile ni ya mababu zetu wa pwani, na nasema hivyo kwa fahari.

Ngome ya Gereza, iliyoanzishwa na Wareno walioushambulia mji mwaka 1505 na kujengwa upya baadaye na Waomani, unaweza kuipitia kwa haraka. Muda wako uweke Husuni Kubwa, kasri la al-Hasan bin Sulaiman lililo juu ya jabali linalotazama bahari, lenye birika la pembe nane na vyumba zaidi ya mia moja. Huyu ndiye sultani ambaye Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Morocco, alimkuta mwaka 1331 na kumsifu kwa ukarimu wake. Vijana wetu wanaoyataja majumba ya Ulaya kwa majina wanapaswa kulijua na hili.

Vuka asubuhi kabla jua halijawa kali, vaa mavazi ya heshima kwa kuwa wenyeji wanaishi na kuswali pale, na umwache mwongozaji aseme mpaka amalize. Usipande juu ya kuta. Vigae vya vyungu utavikuta chini karibu kila hatua, lakini usiokote hata kimoja, kwa sababu kikishatolewa mahali pake hakuna mtaalamu atakayeweza tena kueleza kilitumika nyumba gani wala zama zipi.