Ukichora kreta ya Mwezi, anza na kivuli

Mwezi mpevu unapendeza, lakini kwa mchoraji ni usiku mbaya kuliko yote. Jua linaupiga usoni, vivuli vinapotea, na kreta, yaani yale mashimo ya duara usoni mwa Mwezi, zinabaki madoa meupe tu. Elekeza darubini kwenye mpaka wa mchana na usiku wa Mwezi. Siku 5 au 6 baada ya mwezi mpya mpaka huo huwa jirani na Theophilus, kreta iliyoumega ukuta wa mwenzake Cyrillus. Kufikia siku ya 9 hivi, Copernicus, yenye upana wa kilomita 93, inakuwa imeanza kupata jua.

Darubini ya kioo cha milimita 114 na urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi mahali mwanga unapokutana) milimita 900 inatosha kabisa. Lenzi ya jicho ya milimita 10 itakuza mara 90, yaani 900 kwa 10. Stendi ya kiikweta, ile inayozunguka kwa mhimili ulioelekezwa kwenye ncha ya anga, iache. Nairobi au Dar es Salaam mhimili wake unatakiwa ulale karibu sambamba na ardhi, na nyingi za bei nafuu hazishuki kiasi hicho: uzito wa kusawazisha unagonga miguu. Chukua ile ya juu-chini na kushoto-kulia, uisogeze kidogo kila baada ya dakika moja hivi, kabla kreta haijatoka kwenye duara unaloliona kwenye lenzi.

Wanaoishi Pwani wasitoe darubini kwenye chumba chenye kiyoyozi na kuitumia papo hapo. Kioo cha baridi kikikutana na hewa ya unyevu hushika ukungu. Itoe nusu saa mapema, ikiwa imefunikwa, na usiielekeze juu ya paa la bati, kwa sababu joto la mchana bado linapanda pale na picha itachezacheza.

Karatasi iwe nyeupe isiyong'aa, penseli ziwe HB (ya kawaida) na 4B (laini na nyeusi zaidi), raba ikatwe iwe na ncha. Copernicus ichore kwa upana wa sentimita 5. Ukiipanua zaidi utajikuta unajaza nafasi kwa vitu usivyoviona.

Kwa HB, gusa tu mzunguko wa ukingo. Si duara kamili, una pembepembe, uufuate ulivyo. Kisha, kabla ya kitu kingine chochote, weka mpaka wa kivuli cha ndani na kijaze kwa 4B. Kivuli hicho kinabadilika ukiwa bado unachora, na baada ya nusu saa mchoro na Mwezi havitakubaliana tena. Hapa ndipo wengi hukosea: ndani ya kreta, giza huwa upande uliko jua, kwa kuwa ukuta wa upande huo unakinga mwanga. Ukitia giza upande wa pili, umechora kilima.

Sasa ndiyo uje kwenye vilele vya katikati, halafu ngazi za kuta. Sakafu ipake kijivu kwa pamba ya masikio, na sehemu zinazong'aa zitoe kwa ncha ya raba. Dakika 30 zikiisha, weka penseli chini hata kama kona moja imebaki tupu.

Pembeni andika tarehe, darubini, ukuzaji na saa ya UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia: saa 2:30 usiku Afrika Mashariki ni 17:30. Andika pia kwamba picha imepinduliwa, maana darubini ya vioo huigeuza juu chini na kulia kushoto, na asiyejua hilo hataipata kreta yako kwenye ramani.