Sauti Zikiondoka Kwenye Mechi: Barua Zenu Kuhusu ESPN

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya ESPN, ile televisheni ya michezo ya Marekani, vile iliwaachisha kazi watangazaji na wachambuzi kama 20 hivi kwa siku moja, tarehe 30 Juni 2023, nikadhani nimemaliza. Wapi! Simu haijanyamaza. Kumbe bado kuna watu hapa Uganda jambo hili limewakaa kooni, na wengine wana hasira kuliko Wamarekani wenyewe. Nimechagua barua tano, zile ndefu nimezipunguza.

Habari yako dada. Mimi nabadilisha pesa hapa mpakani Busia, upande wetu wa Uganda. Basketi naifuata tangu sekondari, na fainali za NBA naamka saa tisa na nusu usiku, naegemeza simu kwa kikombe ndio isimame, navaa earphone watoto wasiamke. Sauti zangu zilikuwa tatu, Mike Breen, Mark Jackson na Jeff Van Gundy. Wawili wakaondolewa na mpaka leo naona mechi haina chumvi. Mke wangu anasema mtu mzima hawezi kusikitika juu ya Mzungu asiyemjua. Je, nina shida?
*Shabiki wa Busia*

Kaka, huna shida yoyote, na wifi yangu msalimie sana ila umwambie kwa hili nakuunga mkono. Mtu ukimsikia usiku wa manane miaka kumi na kitu, peke yako, nyumba yote imelala, huyo sio mgeni tena. Van Gundy alikuwa kocha wa Knicks na baadaye Rockets kabla hajaingia ESPN mwaka 2007, kwa hiyo alikuwa anaongea kama mtu aliyesimama pale pembeni ya uwanja na kutoka jasho, atalalamika juu ya sheria za faulo dakika nzima mpaka unadhani amesahau mechi, alafu ghafla anakuonyesha mlinzi gani alichelewa kugeuka na kwanini ule mpira uliingia. Watu walimpenda kwa hilo, na wengine hawakumpenda kwa hilohilo, lakini wote walimjua.

Kilichouma mashabiki nadhani ni vile ilifanyika. Kwenye fainali Nuggets walimaliza Heat tarehe 12 Juni 2023, Van Gundy akiwa kwenye kiti chake pale, hazikupita wiki tatu akaambiwa basi. Mwezi uliofuata ukiisha Jackson naye akaenda. Alafu hao walioletwa nao hawakukaa! Doc Rivers alianza na Doris Burke, Januari 2024 Rivers akaenda kufundisha Milwaukee Bucks, wakamweka JJ Redick, na Juni hiyohiyo baada ya fainali Redick akawa kocha wa Lakers. Sasa shabiki aliyezoea meza moja na watu walewale, kila akiwasha anakuta mtu mwingine, atasemaje isipokuwa haina chumvi?

Ila kaka nakuomba kitu kimoja, Doris Burke usimwekee kinyongo. Hakumfukuza mtu. Mwaka 2024 alikuwa mwanamke wa kwanza kuchambua fainali za NBA kwenye televisheni, na mpira anaujua kweli, msikilize akiwa anaelezea piki na roli, ule mchezo wa mmoja kumzuia mlinzi ili mwenzake mwenye mpira apite, utanielewa. Na Van Gundy wako hakulala njaa, aliingia kwenye benchi la ufundi la Celtics kama mshauri, wakachukua ubingwa 2024, alafu akaenda Clippers kuwa kocha msaidizi.

Madam, mimi nina kibanda cha mpira Bwaise. Watu wakikosa kulipa mimi ndio naona hasara, naelewa. Lakini hawa ni ESPN, wako chini ya Disney, pesa wanayo mpaka inamwagika, alafu wanatoa watu. Kwani pesa zinaenda wapi? Nieleze kama mtu wa kibanda.
*Mwenye Kibanda, Bwaise*

Vizuri umeniambia nikueleze hivyo manake mfano unao mkononi. Wewe saa hizi unakusanya kwa mlango, aliyeingia analipa, asiyeingia halipi, si ndio? Sasa chukulia mwenyekiti wa LC, yaani wa serikali ya mtaa, anakuambia kuanzia leo kila nyumba ya mtaa huu itakulipa kila mwezi, iwe inaangalia mpira au haiangalii, hata yule bibi anayependa vipindi vya mapishi na kwaya. Ungenunua skrini kubwa, ungeweka jenereta mbili, ungeajiri vijana wa kupanga benchi. Ndio ESPN waliishi hivyo miaka mingi sana. Walianza 1979 kwenye mji mdogo unaitwa Bristol kule Connecticut, na kebo ya Marekani, ile televisheni ya waya ya kulipia, inauzwa chaneli nyingi kwa furushi moja, ukitaka kimoja unachukua vyote, kwa hiyo ESPN walikuwa wanapata chao kutoka kwa kila nyumba yenye kebo. Mwaka 2011 nyumba hizo zilikuwa kama milioni 100.

Alafu intaneti ikaja. Watu wakakata kebo, yule bibi wa mapishi akaona vipindi vyake vyote viko kwenye simu, kwanini alipie mpira? Kufika 2017 nyumba zilikuwa zimeshuka chini ya milioni 90 na hazikuacha kushuka. Upande wa pili bei ya kuonyesha mechi ilikuwa inapanda tu, haijali. Mkataba wa NBA uliosainiwa 2014 na ESPN pamoja na Turner ulikuwa dola bilioni 24 kwa miaka tisa. Huu mpya ulioanza msimu wa 2025-26, Disney wakiwa na NBC na Amazon, ni kama bilioni 76 kwa miaka 11. Ligi huwezi kuiambia nipunguzie, kuna mwingine mlangoni kashika pesa. Umeme huwezi. Jengo huwezi. Kinachobaki ni mshahara wa mtu, na ndio maana kalamu inaanguka hapo kila mara.

Lakini usichukue maelezo yangu kama nawatetea, hapana. Mwaka huohuo wa 2023 walimleta Pat McAfee, mchezaji wa zamani wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, na kipindi chake kwa mkataba mnono, na mashabiki wengi waliweka mambo mawili pamoja wakauliza, pesa ya huyu imetoka wapi kama ya yule haipo? Ni swali la haki. Na Disney ilikuwa imeshatangaza Februari ile kwamba itapunguza watu 7,000 kwenye kampuni nzima, sasa mtu wa michezo akapimwa kwa rula ileile ya watu wa katuni na filamu, jambo ambalo mimi sijaliafiki mpaka leo.

Hapa kwetu tumeiona kwa karibu. SuperSport, ile televisheni ya michezo ya Afrika Kusini, walipoiacha ligi ya mpira ya Kenya mwaka 2017, zile kamera ziliondoka na pesa zikaondoka nazo, klabu zikaanza kuhangaika na mishahara ya wachezaji. Kwa hiyo ukisikia televisheni inatetemeka huko mbali, usidhani ni habari ya televisheni peke yake.

Naomba niseme ukweli wangu. Mimi nilifurahi. Hao wachambuzi walikuwa wameacha mpira wanaongea siasa, na wengine wanapiga kelele tu kwa meza. Niliandika kwa grupu letu "safi sana, waende wakalime" na watu wakanitukana, mpaka admin akanitoa. Kosa langu ni nini? Shabiki hana haki ya kuchoka?
*Mkweli, Gulu*

Kuchoka una haki. Zima sauti, badilisha chaneli, andika kwamba fulani hajui kuchambua, hiyo yote ni ya shabiki na mimi sikukatazi. Kufurahi mtu amepoteza kazi ni kitu kingine ndugu yangu, na grupu lako halikukuonea.

Hauko peke yako, hilo nalijua. Mwaka 2017 wakati ESPN walitoa watu kama 100 mwezi wa Aprili, watangazaji na waandishi, Wamarekani wengi tu walishangilia kwa sababu hizohizo za siasa. Sasa angalia nani alikuwa kwenye hiyo orodha. Ed Werder, ripota wa NFL, miaka 17 anasimama nje ya viwanja kwenye baridi na mvua, wakamwambia wiki ileile ya drafti, timu zikichagua wachezaji wapya, ile wiki ambayo ripota wa NFL hata kula anasahau. Jayson Stark, mtu wa besiboli, kazi yake takwimu na hadithi za besiboli. Siasa gani hiyo? Watu walishangilia bila kusoma majina.

Na hao ni wale wenye majina. Oktoba 2015 walitoa watu kama 300. Novemba 2017 wengine 150. Novemba 2020 wakati wa korona wakatoa 300 na nafasi nyingine 200 wakazifuta. Wengi wao ni watu wa kamera, wa waya, wa kuhariri picha, wa kukaa ndani ya gari la matangazo usiku kucha. Hao walikukosea nini? Hakuna hata mmoja aliyewahi kukupigia kelele.

Nakuambia hivi kwa sababu mimi mwenyewe yalinikuta. Miaka ya nyuma nilikuwa nasoma habari za michezo kwenye redio moja hapa Kampala. Jumatatu asubuhi tukaitwa watu sita ofisini, meneja akasoma majina kwenye kikaratasi, langu akalikosea, akarudia. Dakika nne hazikufika. Kati yetu alikuwepo fundi wa sauti, muzee mmoja aliyekuwa anafunga spanji ya maikrofoni kwa rababendi kwa sababu mpya hazinunuliwi, na kila Jumamosi kabla sijaanza alikuwa anaigonga mara mbili kwa kidole kisha ananiinulia kichwa, ndio najua niko hewani. Alichukua begi lake la kijani akaondoka. Mimi wasikilizaji walinitafuta. Wiki mbili baadaye niko soko la Owino nanunua mukene, wale dagaa wetu, mama aliyekuwa ananipimia akasimamisha kopo hewani akasema, "Hiyo sauti naijua, ulienda wapi wewe mbona Jumamosi hatukusikii?" akaniongezea kopo zima bure, nikafika nyumbani nikalia. Yule muzee hakuna msikilizaji aliyejua hata kwamba ameondoka. Hakuna aliyepiga simu kumuuliza. Nilimpigia mimi baada ya mwezi na nilichelewa sana kumpigia, najua.

Basi ukirudishwa kwenye grupu, na nitafurahi wakikurudisha, andika kwamba ulikosea. Maneno mawili yanatosha.

Shikamoo. Nasomea uandishi wa habari Mbale, mwaka wa pili, ndoto yangu ni kutangaza mpira. Shangazi yangu ndio analipa karo na ameona haya mambo ya ESPN, anasema kama Marekani wanafukuzwa wewe wa Uganda utafika wapi, badilisha kozi usomee uhasibu.
*Mwanafunzi, Mbale*

Marahaba mwanangu. Shangazi yako usimkatae kwa mdomo, anaogopa na pesa ni yake. Mpe sababu ya kutulia. Usisomee kutangaza peke yake, jifunze kuhariri video, jifunze kushika kamera, jifunze takwimu, na mechi za shule na za mtaa zirekodi kwa simu yako uwe na kitu cha kumwonyesha mtu. Wale waliobaki salama zaidi kwenye kazi hii ninaowajua mimi wote wanafanya vitu viwili au vitatu. Na kama chuo kinakuruhusu kuchukua somo moja la hesabu za biashara, chukua, kesho utasaini mkataba na utataka kujua umeandikwa nini. Tangaza kwa Kiswahili pia, sio Kiingereza na Lugisu tu, vijana wanaotangaza Kiswahili kizuri hapa Uganda bado ni wachache na mlango huo uko wazi mpaka Nairobi na Dar.

Dada, sisi ni vijana wa Arua. Kuna mtangazaji wa redio hapa kwetu, hatutamtaja, tulikua tukimsikiliza. Walimtoa mwezi uliopita na saa hizi anakaa tu nyumbani. Tumechanga shilingi 180,000. Tumpelekee? Tunaogopa ataona aibu.
*Vijana wa Arua*

Hii barua nimeisoma mara tatu. Asanteni sana, hamjui mmenifanyia nini.

Mkimpelekea mkononi ataona aibu, ndio, hata mimi ningeona. Si mna mashindano ya mtaa likizo hii, mmeniandikia kwenye ule ukurasa wa pili? Kodini spika na maikrofoni, alafu waende watu wawili tu, wakubwa wenu, wamwambie tuna fainali Jumapili na tunataka wewe utangaze, malipo yako ni haya. Msimwambie ni mchango. Akitaja bei kubwa kuliko hiyo mbishane naye kidogo kama kawaida, atajua ni kazi kweli. Mlipeni kabla mechi haijaanza, kwenye bahasha, hesabu kamili. Na majina ya wachezaji mwandikieni vizuri kwenye karatasi siku moja kabla, namba na yote, manake mtangazaji mzuri hapendi kukosea jina la mtu. Kama fundi wake wa zamani bado yuko Arua, mtafuteni naye akae kwenye spika.