Programu inasema 30, stoo inasema 41

SWALI: Shefu, habari za kazi. Nasimamia jiko la mgahawa hapa Tanga. Tunatumia programu ya kuhifadhi resipi na kupiga gharama za vyakula. Kwa pweza wa nazi na wali, chakula chetu kinachouzwa kuliko vyote, inaonyesha gharama ni asilimia 30 ya bei. Tukihesabu stoo mwisho wa mwezi, jiko zima linatoka 41. Bosi ameanza kuwashuku vijana wa jikoni. Je, programu ni mbovu?

JIBU: Njema, ndugu yangu. Kabla kijana yeyote hajaitwa mwizi, chukua mizani.

Pweza hunywea sana akichemshwa, na wewe wa Tanga huhitaji kuambiwa hilo. Programu ndiyo haijaambiwa. Tuseme unamnunua kilo shilingi 12,000, na kwenye resipi umeandika gramu 200. Programu inahesabu 2,400. Lakini hizo 200 umezipima zikiwa sahanini, zimeshaiva. Pima kilo 5 za pweza mbichi, msafishe, mchemshe, mchuje maji, mpime tena. Zikibaki kilo 2.5, kilo ya pweza aliyeiva inakugharimu 24,000, na sahani moja imebeba pweza wa 4,800. Kama wali, tui na viungo ni 2,400, jumla ni 7,200 badala ya 4,800. Kwa bei ya 16,000 hiyo ni asilimia 45, na hakuna aliyeiba hata gramu moja.

Programu nyingi za kazi hii zina sehemu ya kujaza asilimia inayobaki baada ya kusafisha na kupika. Ukiiacha 100, kila samaki wako atahesabiwa kana kwamba hana kichwa, miba wala maji. Rudia jaribio mara tatu, na pweza wa barafu mpime peke yake, kwa sababu akiyeyuka hutoa maji mengi.

Wali unakosea kwa upande wa pili. Mchele huongezeka uzito ukiiva, kwa hiyo ukiandika gramu 250 za wali kwa bei ya mchele mkavu, umejizidishia gharama. Kosa hili hulificha lile la pweza, ndiyo maana namba ya programu ilionekana ya kuaminika. Nazi nazo usiziandike kwa idadi. Kuna zilizoshiba na kuna ndogo. Chukua nazi 10, zikune, kamua, pima tui zito na tui jepesi, kisha litengenezee tui resipi yake ambayo vyakula vingine vitachota humo.

Jambo jingine, kama mmesajiliwa VAT na bei ya menyu inaijumuisha, iondoe kwanza. Katika 16,000, kwa asilimia 18, chenu ni kama 13,559 tu. Chakula cha wafanyakazi nacho kiandikwe kila siku; kisipoandikwa, stoo itakihesabu kama kimeuzwa.

Usijaribu kupima vitu vyote wiki hii. Anza na vitano vinavyokula pesa nyingi, halafu subiri hesabu ya stoo ya mwezi mzima. Tofauti ikibaki pointi mbili tatu, mimi ningeikubali. Ikizidi hapo, simama kwenye dirisha la kutolea chakula saa ya msongamano wa wateja, usimamishe sahani tano zinazotoka na upime pweza wa kila moja.