RX-8 yangu imepoteza nguvu: nifunge tabo?

SWALI: Habari za kazi, Mhandisi. Nina Mazda RX-8 ya 2004, manyuali ya gia sita, iliyoletwa kutoka Japani. Imetembea kilomita 118,000. Ikiwa chini ya mizunguko 6,000 kwa dakika inavuta vizuri, ikipita hapo inakuwa nzito. Ikishapata moto nikiizima, inachelewa kuwaka. Pia inakula oili. Fundi wangu wa Ndeeba, Kampala, anasema injini ya rota (ya pembetatu inayozunguka badala ya pistoni) bila tabo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, ni kazi bure. Amepata tabo ya Subaru pale soko la vipuri la Kisekka, atachomelea manifoldi, atatoa katalisti (kisafisha moshi), kisha atakata springi koili moja na nusu ili gari likamate barabara. Anataka shilingi milioni nne. Nimpe? (Msomaji, Mukono)

JIBU: Usimpe, ndugu yangu. Na kama umeshatoa kishika uchumba, kiombe kirudi leo.

Manyuali ya gia sita ilitoka kiwandani Japani na nguvu ya farasi 250. Kampala na Mukono ziko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 12, kwa hiyo injini isiyo na tabo iliyo nzima kabisa huku hubaki na kama 220. Hizo ndizo za kudai kwanza. Gari linalokuwa zito baada ya 6,000 halikukosa tabo. Kuna kitu kimekwama, au kuna koili ya moto wa plagi inayokufa, au kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya injini) imeshuka. Ukiongeza tabo juu ya mojawapo ya haya, injini haifiki mwezi.

Hili la tabo ya kuokoteza nalisikia kila wiki na linaniudhi, kwa sababu aliyelisema hajawahi kuishika sili ya rota mkononi. Ile sili ya kwenye ncha ni kijiti cha chuma chenye unene wa milimita 2 tu. Rota haina pistoni wala ringi: vijiti vitatu kama hivyo kwa kila rota ndivyo vinavyozuia hewa isivuje. RX-8 ina kompresheni ya 10 kwa 1, iliyopangwa kwa injini ya kuvuta hewa yenyewe. Ukiisukumia busti, yaani hewa ya tabo, wakati kompyuta yake haijui busti ni nini na injekta zimepimwa kwa hewa ya kawaida, mchanganyiko unakauka mafuta na petroli inalipuka kabla ya wakati. Injini ya pistoni ikigonga hivyo utaisikia ikilia, utaondoa mguu, huenda ikapona. Ya rota ikigonga mara moja tu kwa nguvu, sili inavunjika. Kipande kinazungushwa ndani na kuikwaruza hausingi (ganda ambamo rota huzunguka), kisha kinatoka na moshi kwenda kukata mapanga ya hiyo hiyo tabo uliyoinunua.

Hapo ndipo fundi aliyezoea pistoni anapokwama. Katwe na Ndeeba wapo mafundi hodari wa kuchonga silinda na kuvalisha slivu, gari likarudi barabarani. Hausingi ya rota haichongwi. Umbo lake si duara, ni kama namba nane nono, na uso wake wa ndani umepakwa kromu juu ya bamba la chuma. Pitisha ukucha: ukishika kwenye mkwaruzo, hausingi hiyo ni ya kutupa. Hakuna saizi ya pili. Na mbadala unazidi kuadimika, maana sheria ya 2018 inazuia kuingiza Uganda gari lililozidi miaka 15 tangu litengenezwe. RX-8 za mwisho ni za 2012, kwa hiyo mlango huo kwao unafungwa 2027.

Tabo kwenye RX-8 inawezekana, nisikufiche. Lakini inataka kompresheni iliyopimwa ikaonekana nzuri, injekta kubwa, pampu ya petroli, kompyuta iliyoandikwa upya juu ya dainamomita (mashine ya kupimia nguvu ya gari), intakula (kipoza hewa ya tabo), kipimo cha uwiano wa hewa na mafuta, na tabo inayostahimili moshi wa rota, ambao ni wa moto kuliko wa pistoni. Milioni nne hazifiki hata nusu ya safari hiyo.

Anza na kompresheni. Mashine ya kawaida ya kupimia pistoni itakudanganya: kila rota ina nyuso tatu, na mashine hiyo hushika namba ya uso ulio bora na kuuficha uliokufa. Tafuta ya rota inayosoma nyuso zote tatu pamoja na mizunguko ya starta. Kiwango cha Mazda kwa mizunguko 250 kwa dakika ni kPa (kipimo cha shinikizo) 830 kwa injini mpya na 680 kwa kiwango cha chini kabisa. Tofauti kati ya nyuso za rota moja isizidi 150, kati ya rota mbili isizidi 100. Kwa mwinuko wa Mukono punguza asilimia 12: kiwango cha chini kinakuwa karibu 600. Usikubali kuambiwa injini imekufa kwa kusoma 640 huku kwetu, wala kuambiwa nzima kwa kusoma 640 Mombasa.

Ukikosa mashine hiyo, chukua ile ya kawaida, toa kivalvu kinachozuia hewa isirudi, chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, kanyaga mafuta hadi mwisho, piga starta injini ikiwa moto, na urekodi mshale kwa simu. Unataka kuona midundo mitatu iliyolingana: puf, puf, puf. Ukiona miwili mikubwa na mmoja hafifu, kuna sili imechoka, na kuchelewa kuwaka kwa moto kumepata jibu. Betri iwe imejaa na starta iwe nzima, la sivyo namba hazina maana.

Kompresheni ikiwa nzuri, nenda kwenye koili za plagi. Ziko nne, zinakaa mahali penye joto, na huko Marekani na Japani wenye RX-8 hubadilisha zote kila kilomita 50,000 hivi. Zako kama ni za kiwandani, zimepitiliza mara mbili. Badilisha zote nne, waya zake, na plagi. Plagi si za aina moja: mbili za chini ni RE7C-L, mbili za juu ni RE9B-T. Ukizichanganya gari litawaka na utadhani umemaliza kazi.

Kisha fuata uzito wa baada ya 6,000. Injini yako ina milango sita ya kuvutia hewa. Miwili hufunguliwa na vali za ziada kwenye mizunguko 6,250 hivi, kwa mota ndogo ya umeme. Gari likiendeshwa miaka na miaka kwa mwendo wa foleni ya Jinja Road, vali hizo hazifunguki, masizi yanazigandisha, na siku unapozihitaji hazitoki. Fungua mota, jaribu kuzungusha vali kwa mkono. Ikigoma, toa manifoldi ya juu, pulizia dawa ya kusafishia kabureta, izungushe taratibu hadi iwe laini. Usiipige nyundo. Safisha na kihisi cha hewa kwa dawa yake maalumu. Kwa maelezo yako, hapa ndipo ninapoweka shaka yangu ya kwanza.

Baada ya hapo, ioneshe hizo vali kazi. Oili ikishapata moto sawasawa, mara moja kwa safari, kwenye barabara wazi, gia ya pili hadi 7,500. Hapo uko kilomita tisini na kitu kwa saa tu.

Kuhusu katalisti: ikiwa imeziba, kuitoa ni kutupa ushahidi. Katalisti ya RX-8 huyeyuka kwa sababu koili mbovu inaacha petroli bila kuungua, nayo inakwenda kuungulia ndani ya bomba. Moshi ukikosa njia joto linarudi kwenye injini na sili za pembeni zinaungua. Tibu koili kwanza, ndipo ubadilishe katalisti.

Oili nayo. Rota inakula oili kwa sababu iliumbwa iile: kuna pampu ndogo inayodondosha oili ya injini ndani ya hausingi ili sili zisikauke. Lita moja kwa kilomita 1,500 hadi 2,500 si ugonjwa. Ugonjwa ni fundi anayeona moshi kidogo asubuhi akaziba mirija hiyo, na mwenye gari akafurahi kwamba "sasa haili". Huyo ameinyima injini maji ya kunywa. Pima oili kwa kijiti chake kila ukijaza petroli mara ya pili. Marekani Mazda iliandika 5W-20. Kwa joto letu tia 5W-30 au 10W-40, na ubadilishe kila kilomita 5,000. Mimi huongeza ulinzi kwa oili ya tu-stroki ndani ya tangi: mililita 5 kwa lita ya petroli, yaani kama 300 kwa tangi zima. Iwe na alama ya JASO FD. Ile ya injini za mitumbwi yenye alama TC-W3 iache Ggaba kwenye ufuko wa ziwa, ilitengenezwa kwa injini inayopozwa na maji ya ziwa.

Springi zisikatwe. Springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi, haikai vizuri kwenye kiti chake, na shoku linabaki na nafasi ndogo ya kushuka. Shimo moja la Mukono linagongesha hadi chuma, tairi linaruka, na gari lisilogusa barabara haliwezi kuikamata. RX-8 ilizaliwa na mgawanyo wa uzito nusu kwa nusu. Kinachoyumba ni shoku za miaka ishirini na bushi zilizopasuka. Weka shoku mpya nne, bushi za mikono ya nyuma, na tairi nne za 225/45R18 za aina moja. Ukitaka kushusha, nunua springi zilizotengenezwa kwa gari hilo, zisizidi milimita 25. Halafu alainmenti: mbele kemba hasi (magurudumu yaegemee ndani kwa juu) ya digrii 1 hadi 1.5, nyuma magurudumu yaangalie ndani kidogo sana.

Na joto lisimamie mwenyewe. Mshale wa dashibodi hukaa katikati hata maji yakiwa yamekaribia kuchemka. Nunua kisoma kompyuta cha bluetooth, kiache kwenye simu. Kati ya digrii 82 na 95 ni salama. Ikifika 105 punguza, washa hita, angalia kama feni zote mbili zinazunguka. Kwenye rejeta tia kipozeo nusu na maji safi nusu, si maji ya bomba peke yake.

Kwa wengine mnaotaka kununua rota, na barua zenu ni nyingi: muuzaji hupenda kukuwashia gari likiwa baridi, kwa sababu rota iliyochoka huwaka vizuri asubuhi. Liendesheni dakika ishirini, mlizime, msubiri dakika kumi, mliwashe. Likizungusha starta kwa sekunde nyingi, au mkiona betri kubwa kuliko ya kiwandani na starta mpya inayong'aa kwenye injini yenye vumbi, daini kipimo cha kompresheni kabla ya kutaja bei. Akikataa, rudini na pesa zenu.