Wadogo yangu munaanza ukadi hapa Lubumbashi, anzieni karibu na shimo

Nyinyi bakadi, benye munaanza kubeba mifuko ya fimbo za wachezaji ku gofu, niko na neno moja ya kuwaambia, mimi nilichelewaka sana kuielewa. Kila kadi mupya akishika fimbo anatafuta draiva, ile fimbo ndefu ya kupiga mbali, anataka mupira upite vichuguu kule mbali na wenzake bapige kelele. Na mimi nilikuwaka vile. Siku moja tulicheza bakadi peke yetu, dau ni soda, mimi nilikuwa mbele ku kila tii (fasi ya kuanzia), lakini mwenzangu wa Katuba, mwembamba tu, mupira wake haufiki mbali, akanishinda mashimo tano, juu kila tukifika karibu na grini (majani mafupi yenye shimo) mimi napiga tatu ao nne, yeye anasukuma moja, anaingiza moja, imeisha.

Yeye njo alinielezea habari ya Seve Ballesteros, bingwa wa gofu. Seve alizaliwa 1957 ku Pedreña, kijiji cha baharini kule Hispania, na alikuwaka kadi sawa nyinyi. Kaka yake Manuel alimupatiaka feri 3 (fimbo ya chuma) moja ya zamani, akacheza nayo kutwa nzima ku muchanga wa bahari. Muelewe vizuri hapa: feri 3 uso wake umesimama, haikutengenezwa kwa kuinua mupira, sasa ukitaka mupira upande juu na hiyo, lazima mikono yako ijue kufungua uso, kulegeza vidole, kupima nguvu. Yeye alijua yote hayo angali mutoto, njo maana alipopata wedji (fimbo yenye uso wa kulala, ya kuinua mupira) mukononi ilikuwa kwake sawa muchezo.

Mu 1976 ku Royal Birkdale, Uingereza, alikuwa na miaka 19 tu. Shimo ya mwisho ya Open, mashindano makubwa ya Uingereza, mupira uko kushoto ya grini na bunka (mashimo ya muchanga) mbili ziko mbele yake. Wengi wangepiga wedji ya juu. Yeye aliona kanjia kembamba katikati ya zile bunka, akaupitisha mupira chini chini, ukakimbia mpaka karibu na shimo, na akaingiza. Akamaliza wa pili sawasawa na Jack Nicklaus, nyuma ya Johnny Miller. Kisha akashinda Open mara 3 (1979, 1984, 1988) na Masters, mashindano makubwa ya Amerika, mara 2 (1980, 1983).

Ile kanjia mimi ninaifikiria kila siku, juu haikuomba nguvu hata kidogo, iliomba macho.

Sasa kazi yenyewe. Kiangazi, Juni mpaka Agosti, udongo wetu unakauka unakuwa sawa sakafu. Mwenye hajazoea anachukua sandi wedji (wedji ya muchanga), na ile fimbo iko na tumbo chini, tumbo linagonga udongo linaruka, fimbo inakata mupira katikati, mupira unavuka grini yote. Chukueni feri 7. Mupira karibu na muguu wa kuume, uzito ku muguu wa kushoto, mikono mbele ya mupira kidogo, piga sawa unasukuma mupira ku grini, kifundo cha mukono kisikunjike. Weka kifuniko cha chupa hatua mbili ndani ya grini, njo fasi mupira uangukie, macho yabaki pale, shimo achana nayo. Wakati wa mvua mambo inageuka, mupira ukianguka unashika, hapo wedji iko na kazi.

Na ukiwa na mufuko wa mteja, mbele ya kumupa fimbo tembea mpaka ku grini, kanyaga, sikia na muguu kama iko ngumu ao laini. Dakika moja tu. Mteja mumoja nilimupaka wedji bila kukanyaga, mupira ukaenda mu bunka ya ng'ambo, muchezo wake wa siku nzima ukaharibika na nilijua ni mimi, iliniumiza roho sana.

Kukosa fimbo isikuwe sababu. Niko na feri 7 ya zamani, gripi yake iliisha nikaifunga na mupira wa ndani wa kinga (baiskeli), inashika muzuri tu. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi niko pale ku gofu mbele wateja hawajafika, mwenye anataka aje na kifuniko chake.