Barua kwa mwanangu: gari lako na letu

Mwanangu,

Siku uliponipa usukani wa ile Porsche 911 yako uliniuliza, "Mama, sema kweli, lipi ndilo gari, hili au Peugeot 404 yetu?" Nikashuka nacheka, sikujibu. Tumbo lilikuwa bado halijarudi mahali pake.

Haya baba, lako linashinda. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa ni sekunde 4 na ushei. Kwa muda huo Peugeot yetu ndiyo kwanza inapangusa macho. Ila kilichonishangaza zaidi ni breki za lako. Ile yetu ni ya zile za mwanzo, breki za dramu magurudumu yote manne. Kwenye mteremko mrefu zikipata moto, pedeli inalainika chini ya mguu, nawe unashusha gia huku unaomba Mungu. Na wewe ulikulia kiti cha nyuma bila mkanda! Nikikumbuka, mwili unanisisimka. Wanaosema magari ya zamani yalikuwa salama kwa sababu bati lake ni gumu, waache waseme. Bati lisilobonyea, kishindo chote anapokea aliye ndani.

Lakini tulipoingia barabara ya kawaida, kilomita 60 kwa saa, gari lako lililala. Gia nane zinajipanga zenyewe, hata sikujua tuko ya ngapi. Ili liamke ingebidi nivunje sheria. 404 kwa mwendo huohuo imeshaamka zamani. Unasikia kabureta ikivuta pumzi, na ile gia ya kwenye usukani mkono unaijua kama ulimi unavyolijua jino lililovunjika. Kona ndogo tu bodi inalala upande, nyinyi huko nyuma mnabanana na kupiga kelele. Wala si gari la kubembelezwa: lilitoka 1960, likashinda Safari Rally 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo.

Jambo jingine sikukwambia siku ile. Ulipoingia ndani kunywa maji nilifungua boneti ya nyuma, kwenye injini. Nikaona feni mbili, pa kumimina oili na pa kumimina maji, basi. Kijiti cha kupimia oili hakuna, unasoma kwenye skrini. Nilijihisi kama mgeni aliyeonyeshwa sebule tu. Unakumbuka 404 ilipozima njiani nawe una miaka saba, ukaanza kulia? Nilifungua kifuniko cha distribyuta, nikakwangua pointi, vile vibati vinavyokata na kuunga umeme wa kuwasha injini, kwa ubavu wa kiberiti, ikawaka. Ukaniangalia kama mchawi. Lako likizima, mimi na wewe tutakaa pembeni tunangoja gari la kulikokota.

Kwa safari ya usiku, mvua inanyesha na wajukuu wamo ndani, nipe lako, sibishani. Ingawa hata sijui wajukuu utawaweka wapi, vile viti vya nyuma ni vya kuwekea mikoba. Jumapili asubuhi nikiwa sina haraka, niachie yangu.

Ukija mwezi ujao niletee pointi mpya, hizi zimeungua na kiberiti hakisaidii tena. Na vaa nguo za kuchafuka. Safari hii utazipanga wewe, mimi nashika tochi.

Mama